Mkurugenzi Akinunua, Kampuni Ikijinunua: Jinsi ya Kusoma Miamala ya Hisa kwenye Kampuni za Uwekezaji

Jumapili moja baada ya ibada, kikundi chetu kilikutana kwenye ghala la mbao hapa Mafinga, kama kawaida yetu. Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine ya kuranda, aliingia na simu mkononi na hata kuketi hakuketi. "Katibu, mkurugenzi mwenyewe kanunua hisa za kampuni yake. Yule anajua ya ndani. Sisi tunasubiri nini?" Mzee wetu mwenyekiti akasema tupige kura, mikono ikanyooshwa, na wiki ile ile akiba ya miezi minane ikaenda kwa dalali wa hisa.

Miezi mitatu baadaye nilikaa na ile taarifa, nikaisoma neno kwa neno. Mkurugenzi yule hakuwa ametoa hata shilingi. Hisa zile alipewa kama sehemu ya malipo yake ya mwaka, na taarifa ilisema hivyo waziwazi kwenye mstari wa nne. Sisi tulikuwa tumenunua kwa fedha za mbao, kwa bei ya juu, na bei ilikwisha kushuka. Tangu siku hiyo nina kaunta buku moja ya kazi hii tu. Ninachoeleza hapa ndicho kilichomo ndani yake, kwa mpangilio ninaoufuata kila habari ya namna ile inapotufikia.

Nazungumzia kampuni za uwekezaji, yaani zile ambazo kazi yake kubwa ni kumiliki hisa za kampuni nyingine. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tunazo NICOL na TCCIA Investment. Nairobi kuna Centum. Sweden kuna Investor AB na Industrivärden, familia ya Agnelli ya Italia ina Exor, na Marekani kuna Berkshire Hathaway, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Warren Buffett. Kampuni hizi zina sifa moja inayoturahisishia kazi: kilichomo ndani kinaweza kuhesabiwa na mtu wa nje. Kiwanda cha bia huwezi kukipa thamani ukiwa umekaa Mafinga. Kapu la hisa ambazo bei zake zinatangazwa kila jioni, unaweza.

Tuanzie shambani

Kabla ya kugusa mizania ya kampuni yoyote, niliwaeleza wenzangu jambo hili kwa shamba la miti, kwa sababu huku kwetu hakuna asiyelielewa.

Tuseme tuko 20, tuna ekari 40 za paini zenye thamani ya shilingi milioni 3 kila ekari, na taslimu milioni 10. Jumla ni milioni 130, kwa hiyo fungu la kila mmoja ni milioni 6.5. Mwenzetu mmoja ana ada ya mtoto, anataka kutoka leo, na anakubali milioni 4. Kikundi kinamlipa kutoka kwenye taslimu. Zinabaki milioni 126 kwa watu 19, na kila fungu linakuwa milioni 6.63. Hakuna aliyepanda hata mche mmoja, lakini waliobaki wametajirika kidogo, na faida hiyo imetoka kwa yule aliyeondoka.

Sasa tuseme tulimlipa milioni 9 kwa kumwonea haya. Zinabaki milioni 121 kwa watu 19, na fungu linashuka hadi milioni 6.37. Waliobaki ndio wamemlipia.

Kampuni ikinunua hisa zake yenyewe na kuzifuta, hesabu ni hii hii. Wengi wanadhani kampuni ikijinunua ni habari njema moja kwa moja. Sivyo. Chini ya thamani ya kilichomo, waliobaki wanapata. Juu ya thamani ya kilichomo, wanapoteza. Kwa hiyo mtu asiyejua thamani ya kilichomo hana namna ya kujua kama habari ni njema au mbaya.

Hatua ya kwanza: hesabu kilichomo

Chukua ripoti ya mwaka, nenda kwenye maelezo ya hesabu, tafuta orodha ya uwekezaji. Kwa kila kampuni iliyoorodheshwa sokoni, andika idadi ya hisa na uizidishe kwa bei ya kufunga soko ya siku unayofanya hesabu. Usitumie bei ya Desemba iliyochapishwa kwenye ripoti. Ongeza hati fungani na taslimu. Ongeza mali zisizo sokoni kwa thamani ya vitabuni, yaani ile iliyoandikwa kwenye hesabu za kampuni. Toa madeni yote. Gawanya kwa idadi ya hisa zilizo mikononi mwa watu, ukiondoa zile ambazo kampuni inazishikilia yenyewe.

Huu hapa mfano wa kampuni ya kubuni, kama ulivyo kwenye kaunta buku yangu. Ina hisa milioni 50. Inamiliki hisa milioni 12 za benki kwa shilingi 2,000, ambazo ni bilioni 24. Hisa milioni 5 za saruji kwa 2,400, bilioni 12. Hati fungani za serikali bilioni 6, taslimu bilioni 3, na ghala lisilo sokoni bilioni 4. Jumla bilioni 49. Deni ni bilioni 4, zinabaki bilioni 45. Kila hisa ina mali ya shilingi 900 ndani yake. Sokoni inauzwa 540.

Hapa kuna mtego wa soko letu. Hisa nyingine Dar es Salaam hazibadilishani mikono kila siku, kwa hiyo bei unayoiona inaweza kuwa ya muamala wa wiki kadhaa zilizopita, tena wa hisa chache tu. Kampuni yenye hisa milioni 5 haiwezi kuziuza zote kwa bei iliyowekwa na mtu aliyeuza hisa 200. Mimi hufanya hesabu mbili: moja kwa bei ya soko, nyingine nikiwa nimepunguza asilimia 20 kwenye hisa zisizouzika haraka. Hesabu ya pili ikionyesha bado kuna nafasi, ndipo ninapoendelea.

Mali zisizo sokoni zinahitaji uangalifu zaidi. Februari 2023 Centum ya Kenya ilianza mpango wa miezi 18 wa kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa bei isiyozidi shilingi 9.03 za Kenya, chini sana ya thamani ya mali kwa hisa iliyokuwa kwenye vitabu vyake. Ukiishia hapo unaona dhahabu. Lakini sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa ardhi na majengo, na thamani ya ardhi vitabuni ni makadirio ya mthamini. Bei ya kweli utaijua siku mnunuzi atakapoleta fedha. Punguzo, yaani pengo kati ya bei ya soko na thamani ya kilichomo, la kampuni yenye hisa za benki na lile la kampuni yenye viwanja si kitu kimoja, hata asilimia zikilingana.

Hatua ya pili: usiite punguzo lote zawadi

Kutoka 900 hadi 540 ni punguzo la asilimia 40. Fundi wetu alipoiona hesabu hiyo macho yalimtoka. Nikamwambia subiri, tuangalie gharama za ofisi kuu.

Tuseme kampuni hiyo inatumia milioni 900 kila mwaka kwa mishahara, vikao vya bodi, magari na ukaguzi. Mimi huzidisha gharama hizo mara 10, kama makadirio ya mkono, kwa sababu hazilipwi mara moja zikaisha. Ni bilioni 9, au shilingi 180 kwa kila hisa. Sasa kilichomo ni 720, na punguzo la kweli ni asilimia 25. Bado ni zuri, lakini nusu ya ile tofauti ya shilingi 360 ilikuwa ni malipo ya watu wanaolinda kapu.

Hatua ya tatu: aliyenunua ametoa fedha za nani?

Hili ndilo swali lililotuumiza, kwa hiyo nalikalia.

Watu wa ndani ni wakurugenzi, watendaji wakuu, na wanahisa wakubwa. Nchini Marekani wanatakiwa kutoa taarifa ya muamala ndani ya siku mbili za kazi, na fomu yao, Form 4, ina herufi inayoeleza aina ya muamala. P ni kununua, na S ni kuuza, sokoni au kwa makubaliano binafsi. A ni kupewa na kampuni. M ni kutumia haki ya kupata hisa aliyopewa zamani. F ni hisa zilizokatwa kulipia kodi au bei ya haki hiyo. G ni zawadi. Kati ya zote, P peke yake ndiyo inayonifanya nifungue kaunta buku. Ulaya muda ni siku tatu za kazi, na wakuu hawaruhusiwi kufanya miamala katika siku 30 kabla ya kutangazwa kwa matokeo. Kwa hiyo ununuzi mara tu baada ya matokeo mara nyingi ni mtu aliyekuwa akisubiri mlango ufunguliwe, si mtu aliyeota jambo jipya.

Kwetu, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kufanya biashara ya hisa kwa kutumia siri za ndani. Kwa kufuatilia wakurugenzi, njia ninayoitegemea ni ya kizamani. Weka ripoti za miaka miwili mezani. Tafuta ukurasa unaoonyesha hisa za kila mkurugenzi, na ukurasa wa wanahisa kumi wakubwa. Andika majina upande wa kushoto, idadi ya mwaka jana katikati, ya mwaka huu kulia. Namba ikiongezeka, uliza: kampuni ilitoa hisa za nyongeza kwa wanahisa wote? Ikiwa wote wamepanda kwa uwiano ule ule, hakuna aliyenunua kitu. Ikiwa mmoja kapanda peke yake, na hakuna mpango wa kuwapa watendaji hisa, huyo ametoa fedha yake.

Kisha pima uzito. Mkurugenzi anayelipwa milioni 80 kwa mwaka akinunua hisa za milioni 2, huenda anataka tu jina lake lionekane kwenye ripoti. Akinunua za milioni 60, huyo amekosa kujenga nyumba kwa ajili ya hisa hizo. Mwaka 2022 Greg Abel, aliyekwisha kutajwa kuwa mrithi wa Buffett, aliuza fungu lake katika kampuni tanzu ya nishati kwa dola milioni 870, kisha miezi michache baadaye akanunua hisa 168 za daraja A za Berkshire kwa takriban dola milioni 68. Alinunua sokoni, kwa fedha yake. Lakini weka namba zote mbili pamoja: ni chini ya asilimia 8 ya alichopokea. Ni ishara njema, na ina kipimo chake.

Wakurugenzi watatu wakinunua ndani ya mwezi mmoja, kila mmoja kwa fedha yake, mimi huchukulia kwa uzito kuliko mmoja aliyenunua mara tatu.

Hatua ya nne: mauzo

Hapa nitakuwa mfupi. Mtu huuza kwa sababu nyingi: talaka, kodi, ada, ugonjwa, kiwanja. Zawadi si mauzo kabisa. Buffett amekuwa akitoa hisa za Berkshire kwa mifuko ya hisani tangu 2006, na kila mwaka kuna anayepiga kelele kwamba mzee anakimbia.

Mauzo yanapata maana yanapoambatana na jambo jingine. Septemba 2024 Ajit Jain, mkuu wa bima wa Berkshire, aliuza hisa 200 za daraja A kwa takriban dola milioni 139, zaidi ya nusu ya alizokuwa nazo. Peke yake, lingekuwa jambo la mzee anayepanga mambo ya familia. Ila kampuni yenyewe nayo ilikuwa imeacha kujinunua miezi michache kabla. Ishara mbili zilizoelekea upande mmoja huwa naziandika kwa wino mwekundu.

Hatua ya tano: kampuni ikijinunua

Tangazo si ununuzi. Bodi ikisema "tumeidhinisha hadi bilioni 5", andika sifuri, kisha subiri. Ripoti inayofuata itaonyesha walichonunua kweli, na kwa bei gani.

Rudi kwenye kampuni yetu ya mfano. Ikitumia bilioni 2.7 kununua kwa 540, inaondoa hisa milioni 5. Mali inabaki bilioni 42.3 kwa hisa milioni 45, sawa na 940 kila moja. Fedha zile zile kwa bei ya 1,080 zingeondoa hisa milioni 2.5 tu, na kilichomo kingeshuka hadi 890.

Baada ya hapo hesabu hisa zenyewe. Kuna kampuni hununua milioni 5 huku zikiwagawia watendaji milioni 4 kwa mlango wa nyuma. Kwenye magazeti inaitwa kujinunua. Kwenye kaunta buku imepungua milioni 1, na mwanahisa amelipa bei ya milioni 5. Namba ya mwisho ya hisa za mwaka huu ukilinganisha na ya mwaka jana inakuambia yote, na iko kwenye ukurasa mmoja.

Uliza pia fedha imetoka wapi. Taslimu iliyolala ni sawa. Mkopo wa kununua hisa unanipa wasiwasi, kwa sababu kapu likishuka bei deni halishuki. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Naspers ya Afrika Kusini na kampuni yake tanzu, Prosus. Juni 2022 walitangaza kwamba watauza hisa zao za Tencent, kampuni ya mtandao ya China, kidogo kidogo, na fedha hiyo itanunua hisa zao wenyewe, bila tarehe ya mwisho. Tencent waliiuza kwa bei yake kamili ya soko, hisa zao wakazinunua zikiwa chini sana ya thamani ya kilichomo. Ni sawa na kuuza mbao chache hapa Mafinga kwa bei ya siku, kisha kununua mafungu ya shamba lililobeba miti ile ile kwa bei ya chini.

Bodi yenye nidhamu ina kikomo cha bei, na inakifuata. Septemba 2011 Berkshire ilisema itajinunua kwa bei isiyozidi asilimia 110 ya thamani ya vitabuni. Desemba 2012 ikapandisha hadi 120, na mwezi huo huo ikanunua hisa 9,200 za daraja A kwa dola 131,000 kila moja kutoka kwenye mirathi ya mwanahisa wa siku nyingi. Mwaka 2018 iliondoa namba hiyo, ikaachia uamuzi wa Buffett na mshirika wake Charlie Munger kuhusu thamani halisi. Mwaka 2020 ilinunua za dola bilioni 24.7, mwaka 2021 za karibu bilioni 27. Mwaka 2024 zilikuwa kama bilioni 2.9 tu, na baada ya Mei hakuna hata moja, ingawa ilikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wowote. Mnunuzi anayejua kapu kuliko mtu yeyote alikuwa amefunga mkoba.

Hatua ya sita: mwenye kampuni yuko upande gani?

Kampuni nyingi za uwekezaji zina familia au mfuko unaozidhibiti. Kampuni ikijinunua na mwenye nayo asiuze, asilimia yake inapanda bila yeye kutoa shilingi. Mwenye asilimia 45 ya hisa milioni 50 ana hisa milioni 22.5. Zikibaki milioni 45, zile zile ni nusu kamili. Waulize wanahisa wadogo waliobaki kama walilijua hilo siku ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu.

Upande wa pili, mwenye kampuni naye anaweza kuuza. Exor ilipotoa ofa ya kujinunua mwaka 2023, kampuni ya familia ya Agnelli inayoidhibiti nayo ilikubali kuuza sehemu ndani ya ofa hiyo. Si dhambi, huenda familia inalipa madeni. Ila bei ambayo mwenye kampuni amekubali kuuzia ni namba ya kuandika, kwa sababu yeye ndiye anayekijua kilichomo.

Hatua ya saba: kampuni yenyewe ni mtu wa ndani kule chini

Hili watu hulisahau. Kampuni ya uwekezaji yenye fungu kubwa la benki ni mtu wa ndani wa benki ile. Ikiongeza hisa za benki wakati hisa zake yenyewe zina punguzo la asilimia 40, waulize kwenye mkutano mkuu: kwa nini mmenunua benki kwa bei kamili, ilhali mngeweza kuinunua benki hiyo hiyo kwa punguzo kupitia hisa zenu? Jibu linaweza kuwa zuri. Lazima liwepo.

Na ukimya usikudanganye. Tangu Julai 2024 Berkshire iliuza hisa za Bank of America na taarifa zikatoka kila baada ya siku chache. Oktoba fungu lake likashuka chini ya asilimia 10, na zile taarifa za haraka zikakoma, kwa sababu sheria haikuzidai tena. Ripoti za robo mwaka zilizofuata zilionyesha kwamba iliendelea kuuza.

Siku ya kutuma oda

Ukurasa wa kila kampuni kwenye kaunta buku yangu una mistari sita: thamani ya kilichomo leo, thamani baada ya gharama za ofisi, bei ya soko, idadi ya hisa mwaka jana na mwaka huu, nani ametoa fedha yake na kiasi gani, na mwenye kampuni kauza au kakaa. Nikishindwa kujaza hata mmoja, hatupigi kura Jumapili hiyo, hata fundi wetu akija na habari gani.

Tukikubaliana, natuma oda yenye kikomo cha bei, kwa dalali au kwenye Hisa Kiganjani, huduma ya soko la Dar es Salaam ya kununua hisa kwa simu. Kampuni za uwekezaji zina wauzaji wachache, na oda isiyo na kikomo inaweza kukamilika kwa bei ambayo hukuitarajia. Kampuni ikiwa katikati ya kujinunua, angalia pia kama kampuni yenyewe ndiyo mnunuzi pekee: siku mpango utakapoisha bei inaweza kulegea, na huo ndio wakati wa oda yako kuwa tayari. Mwezi uliopita oda yetu ilikaa siku 19 bila muuzaji. Siku ya 20 zikapatikana hisa 1,400, kwa bei ile ile tuliyoandika.